Msomaji wa Insha: Rai Juu ya Kufundisha Utunzi na Fasihi kwa Njia ya Mtandao

Kuna rai iliyoenea miongoni mwa wanazuoni wetu, nayo husemwa kwa yakini kubwa katika vikao vya idara na kamati za mitaala, kwamba utunzi wa insha na fasihi ni katika masomo yasiyostahili kufundishwa kwa njia ya mtandao. Hesabu, husema wenye rai hiyo, hazina haja ya uso wa mwalimu, na uhasibu huweza kusomwa na mtu aliye peke yake usiku baada ya kazi. Ama fasihi ni adabu ya nafsi, na insha ni malezi ya fikira, na mambo haya mawili hayapatikani ila kwa kukaa mbele ya mwalimu, kumsikia akisema na kumtazama akitafakari. Wasemao hivyo ni watu wa heshima, na wengi wao ni walimu hodari, kwa hiyo rai yao yastahili kujibiwa kwa hoja. Muradi wangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba katika masomo yote ya chuo hakuna lililouzoea umbali kuliko hili, na kwamba kasoro zinazoonekana katika kozi za mtandaoni, ambazo sizikani hata kidogo, chanzo chake ni kukosekana kwa mtu wa kuisoma kazi ya mwanafunzi kwa makini na kumjibu.

Tuanze na historia yetu wenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu katika zama za ugomvi wa miji yao, na beti za kila upande zilivuka bahari zikapimwa na watu waliokuwa mbali na mtunzi, ambao iliwapasa kuichunguza hoja ya mwenzao neno kwa neno kabla ya kuijibu kwa vina na mizani. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858 hali ni mgonjwa, alikusudia maneno yake yamfundishe mtoto wakati mwalimu mwenyewe hayupo. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa washairi wa nchi nzima, hata karani wa bara na mwalimu wa mrima, ambao hawakupata kuonana maishani, wakaweza kuulizana mafumbo, kufumbuliana, na kukosoana hadharani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alikuwa, kwa hakika, ametoa kozi kamili ya utunzi kwa wanafunzi asiowajua majina, na vizazi vya watunzi vimejifunza katika kitabu hicho pasi na kuketi mbele yake. Hao wote walifundishana kwa maandishi, kwa sababu maandishi ndiyo yaliyokuwa somo lenyewe, na aliyeteleza katika mizani alionekana kosa lake na kila mwenye kusoma, awe Tanga au awe Ujiji.

Elimu ya posta ya Wazungu nayo si ya jana. Isaac Pitman alifundisha hati mkato kwa barua huko Bath mwaka 1840, mwaka uleule Uingereza ilipoanzisha posta ya bei nafuu. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu wasiosoma katika majengo yake. Na chuo cha Makerere kilipofungamana na London mwaka 1949, shahada zilizotolewa Kampala zilikuwa za chuo kilichokuwa ng'ambo ya bahari mbili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, kilirithi njia hiyo ya bahasha na vitabu vya mafunzo, kikaipeleka mikoani, na baadaye kikaihamishia katika mtandao. Kilichobadilika ni mwendo wa barua.

Napenda sasa kumwonyesha msomaji kazi yenyewe inavyokwenda, maana mabishano mengi juu ya jambo hili huendeshwa na watu ambao hawajapata kuiona kwa karibu. Mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi wilayani, aliyeandika kazi zake zote kwa simu baada ya kumaliza kusahihisha madaftari ya watoto, aliniletea insha juu ya Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Insha ilikuwa safi, haina kosa la tahajia, nayo ilisema kwamba Karama ni mhusika jasiri, mwadilifu na mpenda haki, na kwamba mwandishi amefaulu kutumia mandhari na wahusika kufikisha ujumbe wake kwa jamii. Kila mtahini wa Kiswahili ameyasoma maneno hayo mara zisizohesabika, katika insha za kila riwaya iliyopata kutahiniwa, kwa kuwa hutoka katika miongozo iuzwayo madukani, na humfaa Karama kama yanavyomfaa mhusika mwingine yeyote. Sikumpa alama. Niliandika pembeni swali moja: Karama ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, kwa nini basi, apewapo nafasi ya kujitetea, anaacha kusimulia habari zake mwenyewe, akasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na faida kwa nchi yao, wakatiwa gerezani?

Baada ya siku kadhaa ilikuja rasimu ya pili, ikiwa na maneno machache juu yake: “Shikamoo Mwalimu. Swali lako limenirudisha kwenye kitabu.” Humo alisema kwamba baraza lililowafunga wajumbe bila kuwasikiliza haliwezi kumsikiliza Karama akijisemea, ndiyo maana amewaita wafungwa wawe mashahidi wake, hata waliokuja kuhukumu wakajikuta wao ndio wanaohukumiwa. Nilimjibu kwamba hoja ni njema lakini haijafika mwisho, nikamwomba aitazame tena ile hati ya mashtaka. Rasimu ya tatu ilikuwa na ibara ambayo mimi, niliyekifundisha kitabu hicho kwa miaka mingi, sikuwahi kuifikiri: kwamba Karama, kwa kusimama na kutetea watu kwa hoja na ushahidi mbele ya baraza, analitenda pale pale, machoni pa waamuzi wake, lile kosa aliloshtakiwa, na kwamba waamuzi kwa kumsikiliza hadi mwisho wamekwisha kuwa wanafunzi wake.

Nauliza: mwanafunzi huyu angeifikia rai hii katika ukumbi wa watu mia mbili, ambamo swali la mhadhiri hujibiwa na mmoja aliye mwepesi wa ulimi na wengine wakalinakili jibu lake? Pengine angeifikia, maana akili anazo. Lakini ukumbi usingemlazimisha kuitafuta, wala usingempa wasaa wa kurudi kitabuni, kuandika, kufuta na kuandika tena huku swali likimngoja. Darasa la maandishi halimruhusu mtu kukaa nyuma akanyamaza; asiyeandika hayumo darasani.

Hata katika vyuo vikongwe vya Ulaya jambo hili limeonekana. I. A. Richards, aliyekuwa mwalimu Cambridge, alikuwa akiwagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mtunzi wala tarehe, akawataka waandike maoni yao na kumrudishia. Na kitabu alichokitoa kutokana na maoni hayo mwaka 1929 kilidhihirisha kwamba vijana waliolelewa katika elimu bora ya nchi yao walikuwa wakiyasoma mashairi vibaya mno, wakishindwa hata kuifuata maana ya wazi ya sentensi. Vijana hao hawakukosa walimu wala mihadhara, bali makosa yao yalikuwa yamejificha nyuma ya usikivu wao, na hayakuonekana hadi walipotakiwa kuandika na kukawa na mtu aliyesoma walichoandika.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini kozi nyingi za insha na fasihi mtandaoni ni duni? Jibu langu ni kwamba vyuo vimeweka akiba pasipostahili kuwekwa akiba. Hutengwa fedha za kurekodi mihadhara ya video, ambayo hula bando la mwanafunzi kwa saa nzima ili imsomee maneno ambayo angeyasoma mwenyewe kwa robo ya muda huo. Kisha insha zake, ambazo ni nyepesi kiasi cha kupita hata penye mtandao dhaifu, huachwa zikae hadi muhula unapokwisha na kurudi zikiwa na tarakimu tupu. Tufanye hesabu kwa insafu. Insha moja, ikisomwa kwa haki na kuandikiwa maoni, haichukui chini ya dakika 20. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 atahitaji saa 66 na dakika 40 kwa rasimu ya kwanza peke yake, na zaidi ya saa 130 akiisoma na ya pili. Na mhadhiri huyohuyo ana masomo mengine, utafiti, na vikao. Hakuna mwanadamu awezaye taklifu hiyo, na asiyeiweza hufanya kama tufanyavyo sote tunapolemewa, hutia alama ya wastani na kuandika “Jitahidi zaidi.” Programu ya Moodle, iliyotungwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002, ambayo vyuo vyetu huitumia, ina kila kitu anachohitaji mwalimu wa insha: pahali pa kupokea rasimu, pa kuandika maoni, pa kuirudisha na kuipokea upya. Chombo kipo, ila ajira ya wasahihishaji haipo. Na wale wachache waliopo hulipwa kwa idadi ya karatasi, malipo ambayo humnufaisha asomaye upesi na kumwadhibu asomaye vema.

Nakubali kuwa jambo limezidi uzito tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotolewa ChatGPT, mashine yenye uwezo wa kuandika insha isiyo na kosa la sarufi kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kahawa. Wenzangu wengi wameona hapa burhani ya mwisho dhidi ya kozi za mtandaoni, nao wanataka turudi kwenye chumba cha mtihani, karatasi, na msimamizi. Nawasihi watazame ni insha ya aina gani mashine huitoa bila taabu: ni ileile ya mhusika jasiri, mwadilifu na mpenda haki, ambayo wanafunzi wetu waliinakili katika miongozo kabla ya mashine kuzaliwa, nasi tukaipa alama. Ikiwa kazi yote ni insha moja ipelekwayo mwisho wa muhula, hatuna njia ya kumjua mwandishi wake. Lakini mwanafunzi ambaye rasimu zake tumezisoma kwa zamu, ambaye swali letu limemgeuza njia na makosa yake tunayafahamu kama tunavyofahamu hati ya mkono wake, hujulikana. Na penye shaka, mazungumzo ya dakika kumi kwa simu juu ya insha yake hutosha kuonyesha kama ibara ile ni yake au ameazima. Kazi hii nayo yataka msomaji, na msomaji ana mshahara.

Imebaki hoja moja ya wapinzani ambayo naikubali, nayo ni ya sauti. Utenzi haukutungwa usomwe kwa macho tu. Mizani yake hukaa sikioni, na mwanafunzi awezaye kuhesabu mizani kwa vidole huku hajapata kusikia utenzi ukighaniwa hajui bado anachohesabu. Kwa sehemu jambo hili lina dawa nyepesi, maana simu ileile iandikayo insha hurekodi sauti, na zoezi la kughani beti kumi na kumpelekea mwalimu, ambaye naye hurudisha beti zilezile kwa sauti yake, halihitaji bando kubwa. Tamthilia haina dawa hiyo. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ina mahali ambapo maana nzima hukaa katika watu kusimama pamoja na kutazamana, na hapo mtu aliye peke yake na kitabu hukosa kitu ambacho maoni ya pembeni, hata yawe mengi vipi, hayawezi kumrudishia. Chuo Kikuu Huria kina vituo vyake mikoani, na vyuo vingine vyenye kozi za masafa hukutanisha wanafunzi wao kwa siku chache katika mwaka. Aghalabu siku hizo hutumika kurudia kwa mdomo yale yaliyokwisha kuandikwa katika vitabu vya mafunzo, mhadhiri akisoma na wanafunzi waliosafiri usiku kucha wakinakili. Laiti siku hizo zingeachiwa tamthilia na ughani: vitabu vigawanywe, meza zisogezwe ukutani, kila mmoja apewe mhusika wa kumwigiza, na yule aliyeandika insha juu ya Kinjeketile asimame na kuyatamka maneno yake mbele ya wenzake, kisha akirudi kwake aiandike insha ile upya na kuituma.