Mahadhi ya Sankey na Mkazo wa Maneno Yetu

Walimu wafundishao kuimba wamekwisha kuona jambo hili: wimbo uliofasiriwa kwa Kiswahili safi, ukitiwa katika mahadhi ya kigeni, maneno yake huanza kuchechemea. Sababu yake yaonekana wazi katika mahadhi ya Ira D. Sankey juu ya kondoo tisini na kenda.

Sankey alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1840. Alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi ya kodi, hata mwaka 1870 alipokutana na mhubiri Dwight L. Moody huko Indianapolis. Baadaye mmoja alihubiri, mwenziwe aliimba. Mwaka 1874, walipokuwa wakitoka Glasgow kwenda Edinburgh, Sankey alinunua gazeti stesheni, akaona ndani yake shairi la Elizabeth Clephane, bibi wa Uskoti aliyefariki mwaka 1869. Akalikata, akaliweka. Huko Edinburgh Moody alihubiri habari za Mchungaji Mwema, kisha akamtaka mwenziwe aimbe wimbo upatanao na mahubiri. Sankey hakuwa nao. Akaliweka shairi lile juu ya kinanda, akaimba huku akitunga mahadhi papo hapo. Mwenyewe alisimulia kwamba ubeti wa kwanza ulipokwisha aliingiwa na hofu: je, ataweza kuuimba wa pili kama wa kwanza? Aliweza, na mahadhi yale hayakubadilishwa tena.

Angalieni basi: maneno yalitangulia, mahadhi yakayafuata. Mistari ya shairi lile la Kiingereza huishia katika silabi nzito, na nota ya kufungia mstari hukaa juu yake. Lakini mkazo wa Kiswahili, kwa kawaida, hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tia neno “mchungaji” mwishoni mwa mstari, na uzito waangukia “ji”, hali “nga” ndiyo iliyoustahili. Wako wasemao kwamba hili ni dogo. Mimi sioni hivyo, maana mkazo waweza hata kugeuza maana: “barabara” ikikazwa silabi ya tatu ni njia, ikikazwa ya pili ni sawasawa. Mfasiri mwangalifu huweza kuongeza nota fupi mwishoni, lakini hicho ni kiraka tu.

Hapa Usa River, chini ya Mlima Meru, njia nyingine ilijaribiwa. Chuo cha Theolojia cha Kilutheri kilihamia Makumira mwaka 1954, na Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha pale, alikusanya nyimbo za Kikristo zenye mahadhi ya Kiafrika katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Mmojawapo ni “Mfurahini, Haleluya”, wimbo wa Pasaka ambao maneno yake yaliandikwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966, na mahadhi yake ni ya asili ya nchi hii. Olson akaufasiri kwa Kiingereza, nao sasa umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Safari hii Kiingereza ndicho kilichopaswa kutafuta nafasi katika mahadhi yetu.