Unapanga safari ya Tabora hadi Ujiji? Soma hii kabla hujakata tiketi

Watu wengi hupita Tabora usiku wakiwa ndani ya treni, wamelala. Wanaamka Kigoma, wanapiga picha Ujiji, basi. Ukifanya hivyo umeruka nusu ya safari. Haya ndiyo mambo ya msingi ya kujua.

Njia yenyewe ni ipi?

Ni njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kilimatinde, hadi Tabora na kuishia Ujiji, Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu na watumwa walielekea pwani, nguo na shanga zikaja bara. Tabora ndipo njia zilipogawanyika: moja Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Tangu 2006 njia hii ipo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Ili upate picha ya umbali: Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora Novemba. Zaidi ya miezi 4 kwa miguu!

Uende lini?

Mei hadi Oktoba ni kiangazi. Barabara za vumbi zinapitika na usiku kuna kaubaridi, kwa hiyo beba sweta. Novemba hadi Aprili ni mvua na matope, ila ndiyo misimu ya maembe na uyoga wa porini. Wakati wowote ule, Tabora na Kigoma kuna malaria. Lala kwenye chandarua.

Unafikaje?

- *Treni:* Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kutoka Dar hadi Tabora ni kama kilomita 840, hadi Kigoma karibu 1,250. Siku za treni hubadilika, kwa hiyo uliza stesheni kwanza. Daraja la kulala huwahi kujaa.
- *SGR:* Tangu 2024 inabeba abiria Dar hadi Dodoma. Unaweza kuanza nayo, halafu ukamalizia kwa basi.
- *Basi:* Hupita Dodoma, Manyoni na Itigi.
- *Ndege:* Viwanja vipo Tabora na Kigoma. Angalia ratiba mapema.

Kosa kubwa ni kubana ratiba. Treni ya reli ya zamani ikichelewa, inachelewa kweli. Usipange kushuka Kigoma asubuhi na kupanda ndege mchana huohuo. Acha siku moja ya akiba, na hela ya kulala usiku mmoja zaidi.

Tabora: usikose haya

*Kwihara.* Ni nje kidogo ya mji, bodaboda au bajaji inakufikisha. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na umwambie dereva akusubiri. Hapo kuna Tembe la Livingstone, nyumba aliyokaa 1872 baada ya Stanley kumkuta Ujiji mwaka uliotangulia. Livingstone aliondoka Agosti 1872, akafariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani, na walipita hapahapa Unyanyembe.

*Miembe.* Ile mikubwa ya mjini inahusishwa na enzi za misafara. Muulize mzee yeyote, utakaa hapo nusu saa.

*Historia ya Mtemi Isike.* Aliwapinga Wajerumani. Januari 1893 ngome yake ilipozidiwa, alilipua baruti akiwa ndani ili asikamatwe.

*Shule.* Mwalimu Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937, baadaye akafundisha St. Mary's.

Kabla ya kupiga picha majengo ya jeshi, ya serikali au stesheni, omba ruhusa.

Kuelekea Ujiji

Reli inapita Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, ambaye vita vyake na wafanyabiashara Waarabu mwaka 1871 viliifunga njia na kumchelewesha Stanley. Ukishuka Kigoma, Ujiji haifiki hata saa moja kwa gari. Kuna makumbusho na alama ya mahali Livingstone na Stanley walipokutana.

Jambo la kuuliza ukifika

Vibao vingi vina majina ya wazungu wawili. Lakini mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira. Na kando yao walitembea watu waliotekwa, ambao hawakuchagua safari. Muulize mwongozaji kuhusu hao. Kama umekwenda na watoto, hapo ndipo pa kuwaeleza, maana vitabuni wanakutana na kurasa chache tu.

Ratiba fupi ya siku 5 ukianzia Tabora

1. Kwihara asubuhi, mjini jioni.
2. Soko na miembe, kisha treni au basi la Kigoma kulingana na ratiba.
3. Kufika Kigoma, kupumzika.
4. Ujiji na ufukwe wa ziwa.
5. Akiba, au kurudi.

Ukirudi, beba asali ya Tabora. Onja kwanza, funga kifuniko vizuri, na iweke mbali na nguo.