Herufi U na Historia ya Nyota za Sumaku Zinazopatwa

Katika orodha za falaki, upande wa kundi la nyota liitwalo Hercules, limeandikwa chimbuko la eksirei kwa alama 3U 1809+50. Msomaji wa Kiswahili yampasa kuitazama vema herufi hiyo U, maana ni kifupi cha neno la lugha yake. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, chombo cha Marekani cha kupima eksirei za mbinguni kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Bibi Marjorie Townsend, aliyeisimamia kazi hiyo, akakiita Uhuru.

Nyota iliyohusika haikuwa ngeni. Max Wolf aliiona huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1923, ikaitwa AM Herculis, ikahesabiwa pamoja na nyota ambazo nuru yao huzidi na kupungua pasipo utaratibu. Kwa zaidi ya miaka hamsini haikushughulisha watu wengi, wala si ajabu, kwani nuru ya macho ilieleza nusu tu ya habari. Mwaka 1976 Berg na Duthie walitoa shauri kwamba nyota hiyo ndiyo chimbuko la eksirei zilizopimwa na Uhuru. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo Santiago Tapia, huko Arizona, akakuta kwamba mawimbi ya nuru yake hayakutawanyika ovyo, bali yamepangika, mengine yakizunguka kama parafujo. Mpango wa namna hiyo ulihitaji sumaku kali mno.

Hapo ndipo siri ilipofunuka. Ni nyota mbili zinazozungukana kwa muda wa saa 3 na dakika chache: kibete chekundu, na kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota iliyokwisha kuwaka, chenye ukubwa kama wa dunia. Sumaku ya kibete cheupe, yenye nguvu zaidi ya mara milioni 20 kuliko ya dunia, huikamata gesi inayotoka kwa mwenziwe na kuimwaga karibu na ncha zake. Gesi ikianguka hupata moto wa kutoa eksirei.

Walakini katika AM Herculis kibete chekundu hakimfuniki mwenziwe. Ya kwanza ya jamaa hii kujulikana kuwa hupatwa ni DP Leonis, mwaka 1985. Baadaye, 1993, ikapatikana HU Aquarii, ambayo hupatwa kila baada ya dakika 125. Faida ya kupatwa ni kubwa. Doa la moto huzimika kwa sekunde chache, ndipo udogo wake hujulikana. Mkondo wa gesi hufifia polepole zaidi. Eksirei zikipimwa pamoja na nuru ya macho, kila sehemu huweza kutengwa na nyingine.

Saa hiyo ya mbinguni, hata hivyo, imewahi kuwatatanisha wasomi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba HU Aquarii inazungukwa na sayari mbili, kwa kuwa kupatwa kwake mara hutangulia, mara huchelewa. Mwaka uo huo wengine wakapiga hesabu, wakaona sayari za namna hiyo zisingeweza kudumu katika njia zao. Na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 havikufuata nyakati zilizotabiriwa.