Nani Anashika Kalamu

Ukishuka Kariakor kutafuta kiondo ama nyama choma, umekanyaga mahali ambapo historia ya ajira ya nchi hii ilianza vibaya. Jina lenyewe ni Carrier Corps lililopita kwenye ulimi wa Kiswahili: kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiunda wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuwabebea mizigo wanajeshi waliokuwa wakipigana na Wajerumani upande wa Tanganyika. Dar es Salaam nako wana Kariakoo yao, kwa sababu hiyo hiyo. Wapagazi waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Walimalizwa na malaria, nimonia na kuhara, mara nyingi kwa sababu ya unga ambao hakukuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva.

Vita vikaisha. Kukabaki mishahara ya marehemu, pesa halali ambazo familia hazikuwahi kulipwa. Maafisa wachache waliokisimamia kikosi, Oscar Watkins akiwemo, walidai zitolewe. London ikakataa.

Nimeanzia huko kwa sababu kila semina ya vijana ninayoalikwa, iwe ya ajira ama ya afya, lazima mtu asimame na kusema kwamba shida yetu ni kutoamini. Hatuamini hospitali, hatuamini ofisi za kutafutia watu kazi, tunaamini tu rafiki wa rafiki. Inasemwa kama ugonjwa tuliozaliwa nao. Mimi naona kutoamini huku kuna tarehe.

Chukua kipande. Siku hizi tunaliita hivyo hata kitambulisho cha kawaida, na wengi wetu hatujui tunataja nini. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kufanya kazi kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 hivi alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wagikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Watu wengi hukumbuka kikopo, kwa sababu kinaonekana kwenye picha. Ubaya wenyewe lakini ulikuwa ndani, kwenye maandishi. Mwajiri aliandika siku uliyoanza kazi, mshahara aliokulipa, na siku aliyokuachilia, kisha akatia sahihi. Bila ile sahihi hukuweza kuandikwa kazi pengine. Ulikuwa mtoro, na mtoro alitafutwa na polisi. Mshahara wako wa jana ulisomwa na tajiri wa leo kabla hujafungua mdomo, kwa hivyo hakuna cha kupatana bei. Na wengi waliokibeba hawakujua kusoma. Hebu fikiria: unatembea na maoni ya mtu mwingine kukuhusu, yamefungwa kifuani pako, kila mwenye mamlaka anaweza kuyasoma isipokuwa wewe.

Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu serikalini, aliweka kipande miongoni mwa malalamiko yake makubwa, pamoja na kodi na kukatwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume waliokuwa wanataka kurudi nyumbani, na risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni zaidi sana. Ukipita barabara ya Harry Thuku ukienda Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mitaa hiyo hiyo.

Kipande kiliendelea kwa miaka mingine 25. Mwaka 1947 ikapitishwa sheria ya kusajili watu wa rangi zote, na hapo ndipo inachekesha kidogo: walowezi waliokuwa wameona ni sawa kabisa mpishi wao achukuliwe alama za vidole, walipoambiwa na wao watie vidole kwenye wino, walipiga kelele kwamba ni kudhalilishwa. Kumbe walikuwa wanaelewa vizuri tu.

Upande wa afya, hofu ilichukua jina lingine: mumiani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno hili kwanza kama dawa, kitu cheusi kama gundi, halafu inataja imani kwamba hutengenezwa kwa damu ya watu. Nairobi ya ukoloni iliwapa kazi hiyo wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alihoji wazee wa Pumwani katika miaka ya 1970, wakamsimulia magari ya wazimamoto yaliyotembea usiku yakikamata watu ili wanyonywe damu. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 2000, hakiwacheki. Hoja yake ni kwamba ukitaka kujua watu walivyoiona serikali, sikiliza uvumi wao. Mtu mwenye sare, gari ambalo huruhusiwi kuingia, sindano, chupa ya damu inayopelekwa mahali usipopajua, na hakuna anayekurudishia jibu. Kwa mtu ambaye karatasi yake ya kazi nayo hakuweza kuisoma, mumiani haikuwa hadithi ya ajabu sana.

Binamu yangu alienda kupimwa mwaka juzi ili apate kazi za Ghuba. Alitolewa damu, mkojo na picha ya kifua kwenye kliniki ambayo ajenti alimchagulia, akalipa mwenyewe. Alipouliza majibu, dada wa mapokezi alimjibu kwa upole, "Mpenzi, majibu yanaenda kwa ajenti." Ajenti akamwambia tu hajapita. Hajapita nini? Hiyo hakuambiwa. Aliishi miezi miwili akidhani anakufa, hadi shangazi akampeleka hospitali ya kaunti akapimwa upya na kukutwa mzima. Kenya ina sheria ya mwaka 2006 inayokataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi vya Ukimwi ndio apate kazi, na ina sheria ya 2019 inayokupa haki ya kuona taarifa zako zilizohifadhiwa na mtu mwingine. Dada wa mapokezi pengine hajawahi kuambiwa. Binamu naye hakujua aulize kwa jina gani.

Ndiyo maana napenda sana kisa cha Majengo, pale Pumwani, mtaa uleule wa simulizi za wazimamoto. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalitisha: miongoni mwa wanawake wa kipato cha chini waliopimwa, asilimia 66 walikuwa na virusi. Wangeweza kuchukua damu na kuondoka. Lakini kwenye timu kulikuwa na muuguzi, Elizabeth Ngugi, aliyejua namna ya kuitisha baraza. Wanawake waliketi, wakaelezwa kilichopatikana kwenye damu yao, wakauliza maswali, wakachagua wenzao wa kuwaongoza na kufundishana kuhusu kondomu. Kliniki iliwatibu magonjwa ya zinaa badala ya kuwahubiria. Matumizi ya kondomu yalipanda sana ndani ya muda mfupi. Na kwa sababu wanawake waliendelea kurudi mwaka baada ya mwaka, ndipo ikagunduliwa kwamba wachache wao hawaambukizwi licha ya kukutana na virusi mara nyingi, jambo lililoishangaza dunia ya sayansi. Bila wao kurudi, hakuna ugunduzi. Wangekuwa tu namba za 1986.

Kisa hakikuishia kwa raha. Chanjo iliyobuniwa kwa kutegemea miili ya wanawake hao, kwa ushirikiano wa Nairobi na Oxford, ilizua mzozo mwaka 2000 ilipojulikana kwamba hataza ilikuwa imeombwa Uingereza bila watafiti wa Nairobi kutajwa. Maprofesa wetu walikasirika, wakadai haki yao, na ikakubaliwa wagawane. Majaribio yenyewe hayakufua dafu. Hiyo ni sayansi, hutokea. Mimi nakwama kwenye ule mgawanyo. Daktari wa Nairobi alihisi mwaka 2000 kile ambacho mbeba kipande alihisi mwaka 1920: kuna karatasi mahali fulani, inakuhusu, na wewe hukuonyeshwa. Na wanawake wenyewe wa Majengo, waliotoa damu miaka 15, hawakuwa kwenye fomu ya kwanza wala ya pili.