Maji ya bomba Uvira: nani wa kuulizwa?

Bomba ikikauka hapa Kasenga, watu wanalaumu Regideso tu. Lakini sheria ya maji namba 15/026, ya tarehe 31 Desemba 2015, ilimaliza haki ya Regideso ya kuwa peke yake. Kugawia raia maji ikawa kazi ya jimbo, miji, komine, sekta na sheferi. Kartie kama Kasenga haimo. Kwa karatasi basi, wa kuulizwa ni jimbo na mji wa Uvira.

Kwa kweli, mtambo na faktire viko bado kwa Regideso, inayochota maji mto Mulongwe. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliharibu mtambo huo. Na hii si maneno ya ofisi tu: uchunguzi wa 2009 hadi 2014 hapa Uvira ulionyesha kwamba maji ya bomba ikikatika, siku zinazofuata wagonjwa wa kipindupindu wanaongezeka hospitalini.