Jumamosi za Oxford na Kauli Iliyo Tendo

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, na walimu waliokuwa jeshini wakarejea Oxford, ilizuka huko darsa isiyotangazwa ubaoni wala isiyokuwa na mtihani mwisho wake: asubuhi ya Jumamosi, katika muhula wa masomo, J. L. Austin aliwakusanya kwa mwaliko walimu wenziwe wa falsafa, sharti wawe wadogo kwake kwa umri, wakaketi kuchambua maneno. Miongoni mwao walikuwamo Grice, Strawson, Hare na Urmson, na hadi leo ni nadra mwanafunzi wa falsafa ya lugha kuhitimu chuoni asiwasome wawili au watatu katika hao.

Austin, aliyezaliwa mwaka 1911 na kulelewa katika ilimu ya Kiyunani na Kilatini, alikuwa wakati wa vita afisa wa upelelezi, akikusanya habari za pwani ya Ufaransa kabla ya majeshi kushuka Normandy mwaka 1944. Na yamkini huko ndiko alikozoea kuona jambo kubwa likitatuliwa na wengi, kila mmoja akileta chembe yake. Kwa hiyo Jumamosi zile hawakuanza kwa kuuliza uhuru wa mtu ni nini, bali walifungua kamusi, wakatafuta maneno ya jamaa moja, wakapima kila moja hutumika wapi na wapi halifai. Mfano mashuhuri wa Austin ni wa punda: mtu aliyempiga risasi punda wa jirani akidhani ni wake, huyo amekosea, bali akimlenga wake, naye akasogea wakati wa kufyatua, risasi ikampata wa jirani, hiyo ni ajali. Hasara ya jirani ni ile ile, lakini udhuru si mmoja.

Katika subira hiyo ndimo alimokuza rai yake kubwa, kwamba ziko kauli zisizoeleza tendo bali ndizo tendo lenyewe, kama kuahidi au kuusia mali. Nayo aliisomesha Oxford, kisha Harvard mwaka 1955, akafa mwaka 1960, umri wake miaka 48, kabla ya kuitia kitabuni. Urmson ndiye aliyezitengeneza hati zake, zikatoka chapa mwaka 1962.

Msomaji wa pwani, aliyewahi kuhudhuria nikahi, hataiona rai hiyo ngeni. Walii akisha kusema amemwoza binti yake, na bwana arusi akajibu kwamba amekubali, hapana aulizaye kama maneno yale ni kweli au uwongo; huulizwa kama akidi imesihi au imebatilika, kama walii ni walii wa haki na mashahidi wamehudhuria. Maulamaa waliipambanua zamani kauli ya khabari, yenye kueleza jambo, na kauli ya insha, yenye kulianzisha, na al-Qarafi wa Misri, aliyefariki mwaka 1285, aliifungulia tofauti hiyo mlango mzima, akionyesha kuwa muuzaji hufunga biashara kwa tamko la wakati uliopita, hali shahidi hutoa ushahidi kwa tamko la wakati uliopo. Nasi ndivyo tusemavyo: “nimeuza,” ingawa kabla ya neno hilo kutoka kinywani hapakuwa na kilichouzwa.

Hata hivyo Austin hakukoma penye mpaka huo. Yeye, aliyeanza kwa kutenga kauli za kutenda na kauli za kueleza, mwishowe aliubomoa ukuta aliojenga, kwani aliona kuwa atoaye khabari naye anatenda: anajitia dhamana, na anaweza kulaumiwa kwa kusema asilo na haki ya kulisema. Kadhi aliuhitaji ukuta ule ili ajue lipi ni akidi na lipi ni hadithi tu. Mwanafalsafa, asiyekuwa na kesi ya kukata, alipata wasaa wa kuona kwamba hata msimulizi barazani, mwenye kudhani anapitisha wakati tu, ameweka neno lake rehani.