Maneno ya Mamlaka katika Usukuma

Lugha iliyo hai hubadilika, na Kiswahili hakikuepukana na kanuni hiyo. Lakini mabadiliko mengine ya maana hupita bila mtu kuinua kichwa, na mengine huzusha ugomvi. Tukitaka kuiona tofauti hiyo, mahali pafaapo ni Busisi, katika wilaya ya Sengerema, ukingo wa magharibi wa ghuba ya Mwanza, ambako Wasukuma na Wazinza huishi pamoja.

Kwa miaka mingi jina la Busisi halikutajwa bila neno kivuko. Neno hili latokana na kuvuka, nalo lataja kwanza mahali pa kuvukia, hata kama ni kijito kipitwacho kwa miguu. Vyombo vya kubeba magari vilipofanya kazi kati ya Kigongo na Busisi, jina la mahali likakikalia chombo, ingawa wengi walisema pantoni. Mijini kivuko ni hata ile mistari myeupe ya barabarani. Tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na wasafiri sasa wapita juu ya maji. Hatudhani yupo mtu atakayeona kwamba neno kivuko limeonewa. Ni neno la kazi, na kazi ikihama nalo huhama.

Maneno ya cheo hayana utulivu huo. Tulitazame neno mtemi, ambalo Wasukuma hulitamka ntemi. Asili yake ni kutema, yaani kukata, kama tusemavyo kutema kuni. Wako waelezao kwamba mtemi wa kwanza alikuwa mtu aliyekata msitu na kufungua nchi. Wengine husema aliitwa hivyo kwa sababu alikata mashauri. Maelezo yote mawili yamheshimu. Mtemi alidaiwa mvua na mavuno, na mvua ikikosekana watu waliweza kumwondoa. (Vijana wasemapo mchezaji ametemwa na timu yake, hilo ni kutema kwa mate, wala tusilichanganye na hili.)

Mwaka 1926 Waingereza walitunga sheria iliyowafanya watawala wa jadi kuwa mkono wa serikali yao. Tangu hapo mtemi alikusanya kodi, na baada ya Vita Kuu ya Pili akasimamia kanuni za kilimo na za kupunguza mifugo, ambazo watu wa Usukuma walizichukia sana. Neno halikubadilika hata herufi moja. Aliyebadilika ni yule ambaye mtemi alimjibu. Zamani alijibu kwa watu wake, sasa alijibu kwa bwana shauri. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta mamlaka ya watemi, na ingeonekana kwamba neno limebaki kuwa mali ya wanahistoria.

Haikuwa hivyo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilienea, na wizi wa ng'ombe pamoja na unyang'anyi ukazidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpakani mwa Usukuma na Unyamwezi, wanavijiji walijiunga kwa pinde na mishale wakajilinda wenyewe. Wakaitwa sungusungu, jina la wale chungu weusi waumao, kwa kuwa mdudu mmoja si kitu lakini kundi halizuiliki. Wenyewe walipenda pia kuitwa wasalama. Na kiongozi wao wa kijiji walimwita nani? Walimwita ntemi. Cheo kilichofutwa na sheria kilirudi kwa mlango wa nyuma, bila ukoo wa kitawala na bila kodi ya mkoloni, kikiwa mikononi mwa wakulima na wafugaji.

Hapo ndipo maneno yalipogongana. Viongozi wa Chama waliwasifu sungusungu kuwa ni wananchi waliojitegemea katika ulinzi. Mahakama ziliona jambo jingine, maana wako waliopigwa na hata kuuawa kwa tuhuma za wizi au uchawi, miongoni mwao wanawake wazee. Kwa mwenye ng'ombe sungusungu lilikuwa neno la usingizi mwema. Kwa bibi kizee aliyenyooshewa kidole lilikuwa neno la hofu. Sheria ya mwaka 1989 iliwaweka pamoja na mgambo na kuwapa uwezo wa kukamata, na tangu hapo neno likaenea mijini, likawa jina la ulinzi wa zamu wa mtaa.

Mtemi naye ana maana nyingine katika Kiswahili cha mitaani: ni mbabe, mtu aogopwaye darasani au kijiweni kwa ngumi zake. Wako wazee waisikiao maana hiyo wakachukia, wakiona kwamba vijana wametukana wazazi wao. Uchungu wao twauelewa. Hata hivyo, hatukubali kwamba kosa ni la vijana peke yao. Mtemi wa kodi na wa kupunguza mifugo alitangulia kumfundisha raia kwamba mtemi ni mtu wa kuogopwa, na filimbi ya usiku ikalirudia somo hilo miaka ishirini baada ya watemi kufutwa. Yule wa mvua, aliyeweza kuondolewa na watu wake, ndiye ambaye maana hii mpya haimtaji kabisa.